Kupunguza upana wa tundu za pua: kukata au kuvuta kwa uzi?

Mtu akilalamika pua yake ni pana, kabla ya kuongelea kisu inabidi ijulikane upana uko wapi, maana hapo kuna mambo mawili na watu wanayachanganya sana. Kuna mabawa ya pua kutanuka, yani nyama ya pembeni imejaa na imebinuka nje, halafu kuna tundu lenyewe kuwa pana pale chini juu ya mdomo. La kwanza linakatwa kipande chembamba pale bawa linapokutana na shavu, mbinu aliyoieleza daktari Robert Weir tangu 1892 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. La pili wanapunguza sakafu ya tundu, na mwenye yote mawili anaunganishiwa.

Wanaopenda uzi hoja wanayo. Mshono unapita chini ya ngozi kutoka bawa moja mpaka la pili, unakazwa, hamna nyama iliyoondolewa na ukizidi unaweza kufunguliwa mapema. Madaktari Collins na Epker waliuandika 1982 kwa wagonjwa wa upasuaji wa taya la juu, kwasababu taya likisogezwa mbele pua nayo inatanuka. Tatizo ni kwamba nyama inavutana kurudi ilipotoka, uzi unalegea taratibu, na bawa nene linabaki nene vilevile.

Kukata ndo kunadumu, na hapo ndo na hofu yenyewe ilipo, kwasababu ukishaondoa nyama kuirudisha ni kazi ngumu mno na haifanani tena na ya mwanzo. Tunaongelea milimita mbili tatu tu kila upande! Daktari akizidisha tundu linabana mpaka kupumua kunakuwa shida, na ukimtazama mtu kutokea chini unaona tundu limepata kona kali badala ya mviringo wake. Kuhusu kiloidi, yani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, sisi wenye ngozi nyeusi tunaogopa kwa haki, ila kovu la mkunjo wa pua mara nyingi linapona vizuri kuliko la sikio au kifua, ingawa mwenye historia ya kiloidi lazima aseme mapema.

Mimi naona kukata kidogo ni bora kuliko uzi peke yake kwa bawa nene, mradi liwe jambo la mwisho kwenye operesheni, kwasababu ncha ya pua ikiinuliwa mabawa yanajivuta ndani yenyewe na pengine kisu hakihitajiki tena. Ninachokataa kabisa ni kile kipimo cha kwamba upana wa pua ulingane na nafasi kati ya macho mawili, hicho kimetokana na sura za Wazungu, na utafiti wa 2017 umeonyesha upana wa tundu unaendana na joto na unyevu wa hewa walikoishi mababu. Ukienda kwa daktari omba picha za wagonjwa wenye pua kama yako, zilizopigwa baada ya mwaka, wakiwa wanacheka na nyingine kutokea chini.