Pandikizi na kimbaumbau: umbo la beki wa NFL na maisha yake uwanjani

Sisi wa Afrika Mashariki tuliojikuta tukiupenda mpira wa Kimarekani tunalipia kwa usingizi. Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL ya Marekani, huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Ile ya Februari 2014 ilistahili kukeshewa. Denver walifika wakiwa wamefunga pointi 606 msimu huo, rekodi ya ligi, na Seattle wakawanyuka 43 kwa 8. Tangu hapo gumzo likawa urefu wa mabeki wa Seattle, na kila timu ikataka wa kwake. Ukazuka mjadala: kati ya beki mkubwa na beki mdogo, nani anafaa, na nani anadumu bila kuumia?

Mabeki ninaowasema ni wale wanne au watano wanaosimama nyuma ya ngome. Konabeki wanakaba wapokeaji wa pasi pembeni. Sefti wawili wanakaa katikati: mmoja analinda pasi ndefu, mwingine anashuka mbele kuwaangusha wakimbiza mpira. Wapinzani wakiingiza mpokeaji wa tatu, anaongezwa beki wa tano anayekaba kwa ndani. Huyu wa tano nitamrudia, maana ndiye anayeuvuruga mjadala wote.

Hoja ya wanaotaka mabeki wakubwa ina mashiko. Calvin Johnson wa Detroit alikuwa na sentimita 196 na kilo zaidi ya 100. Beki mfupi hata angemganda kama kupe, mpira ulirushwa juu, Johnson akanyoosha mkono, hadithi ikaishia hapo. Kuna na suala la sheria. Tangu 1978 beki haruhusiwi kumsukuma mpokeaji baada ya yadi tano za mwanzo, sheria ambayo wengi waliibandika jina la Mel Blount wa Pittsburgh, mtu wa sentimita 191 aliyekuwa akiwasukasuka wapokeaji njia nzima. Ukiachiwa yadi tano tu za kufanya kazi, mikono mirefu ni mtaji. Kocha Pete Carroll wa Seattle alilielewa hilo akawachukua Richard Sherman, sentimita 191, na Brandon Browner, sentimita 193, ambaye fainali ile hakuicheza kwa kuwa alikuwa amefungiwa. Nyuma yao akasimama sefti Kam Chancellor, pandikizi la kilo 102.

Upande wa kudumu nao, hoja inaonekana nyepesi kueleweka. Mkimbiza mpira kama Derrick Henry ana kilo zaidi ya 110. Ukikutana naye akiwa ameshika kasi, bora uwe lori kuliko bajaji.

Ila waliotoka kwenda kutafuta mabeki warefu walisahau kumhesabu mtu wa nne. Earl Thomas, sefti aliyelinda nyuma kabisa, alikuwa na sentimita 178 tu. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyewapa wale warefu ujasiri wa kusukumana na watu pembeni, kwa sababu walijua kosa lao lina mtu wa kulifuta. Kazi yake ilihitaji mtu wa kufika haraka, na kufika hakuhitaji urefu. Timu nyingi ziliinunua miguu mirefu ya Seattle bila kununua mbio za Thomas, zikashangaa mbona pasi ndefu zinapita.

Halafu tazama walivyoondoka mabeki hao wa Seattle. Desemba 2016, dhidi ya Carolina, Thomas na Chancellor waliukimbilia mpira mmoja wa juu, wakagongana wao kwa wao, na mguu wa Thomas ukavunjika. Ukiishia hapo utasema mdogo kavunjwa na mkubwa, kesi imekwisha. Lakini Novemba 2017, katika mechi moja tu dhidi ya Arizona, Sherman alikatika kano ya kisigino na Chancellor akaumia shingo. Chancellor hakurudi tena uwanjani. Kilo 102 zinazompiga mtu kwa kasi zinampiga na mwenye kuzibeba. Misuli ya mwili huongezeka kwa mazoezi, lakini hakuna mazoezi yanayoyafanya maungio ya shingo kuwa chuma.

Wanaowatetea wadogo hapo huchomoa majina mawili. La kwanza ni Darrell Green wa Washington: sentimita 175, kilo 83, misimu 20, kuanzia 1983 hadi 2002. Alistaafu akiwa na miaka 42, umri ambao konabeki wengi wameshasahaulika. La pili ni Ronde Barber wa Tampa Bay, sentimita 178 na kilo kama hizohizo, aliyeanza mechi 215 mfululizo. Mfululizo! Katika mchezo ambao mtu huumia akishuka kwenye basi.

Napenda mifano hiyo, ila siiamini moja kwa moja. Wafupi tunaowakumbuka ni wale waliovuka chujio. Kijana mfupi akifika NFL ameshakataliwa na makocha wengi tangu sekondari, na aliyebaki ana kitu cha ziada: Green alikuwa na mbio za ajabu, Barber alikuwa na jicho la kuusoma mchezo kabla haujaanza. Mrefu huvumiliwa ajifunze. Kwa hiyo ukiwalinganisha waliodumu pekee, unawalinganisha wateule wa huku na watu wa kawaida wa kule.

Dawa ya ubishi huu kwangu ni Bob Sanders wa Indianapolis. Alikuwa na sentimita 173, mfupi kuliko Green, lakini mnene wa kilo 93. Alijirusha kwenye miili ya watu kama jiwe la manati. Msimu wa 2006 alicheza mechi nne tu za kawaida kwa sababu ya majeraha, akarudi kwenye mtoano, na ulinzi uliokuwa ukipitwa na kila mkimbiaji ukageuka ukuta. Indianapolis wakatwaa ubingwa. Mwaka 2007 akachaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Kisha mwili ukadai deni lake. Misimu minane, mechi 50.

Barber alikuwa mwepesi kuliko Sanders kwa kilo kumi, akadumu misimu 16. Kama uzito ungekuwa bima, hesabu ingekuja kinyume. Tofauti yao naiona katika namna ya kukutana na mtu: Barber aliteleza pembeni ya wazuiaji akamfikia mwenye mpira akiwa ameinama, Sanders alichagua mlango wa mbele kila mara. Na tusisahau kuwa majeraha mengine hayahusiani na kugongwa kabisa. Darrelle Revis wa New York Jets, wa sentimita 180, kimo ambacho hakuna kocha angekilalamikia, alichanika ligamenti ya goti mwaka 2012 bila kuguswa na mtu.

Sasa yule beki wa tano. Siku hizi timu humtumia katika zaidi ya nusu ya mipira inayoanzishwa ndani ya mechi, kwa hiyo si wa akiba tena. Huchaguliwa mdogo na mwepesi, kwa sababu wapokeaji wa ndani wanageuka upesi kulia na kushoto. Lakini ukimsogeza ndani umemweka jirani na ukuta wa mbele, mahali ambapo majitu ya kilo 140 huja kumfagia ili mkimbiaji apite. Yaani mwili mdogo kuliko yote umepangiwa nyumba kando ya barabara kuu. Halafu watu wanasema wadogo hawadumu. Wangekaa pembeni kama Green tungesema nini?

Wembamba ni kesi nyingine tena. Konabeki Emmanuel Forbes alichaguliwa wa 16, na Washington, katika mgawanyo wa wachezaji chipukizi wa mwaka 2023 akiwa na kimo kizuri, karibu sentimita 185, lakini kilo 75 tu. Wengi walitabiri atavunjika. Hakuvunjika; alisukumwa. Wapokeaji wa miraba minne kama A.J. Brown wa Philadelphia walimzidi nguvu, na kabla msimu wa pili haujaisha timu ikamwacha. Hapo nawapa haki yao wanaohubiri uzito: wepesi wa mwili unaweza kukunyima kazi mapema kuliko hospitali.

Baltimore wamejaribu njia ya kinyume. Mwaka 2022 walimchukua sefti Kyle Hamilton, sentimita 193 na kilo 100, na mara nyingi wakamshusha akabe ndani, palepale walipozoea kuwekwa wadogo. Mfagiaji wa kilo 140 akija anakuta mtu wa kumjibu. Tatizo linakuja pale mpokeaji mdogo mwenye mbio anapojipanga mbele yake na kocha anapaswa kuamua, kwa sekunde chache, kama amwache hapo au amwite kimbaumbau kutoka benchi.