Kuendesha skripti ndani ya kihariri: wepesi wake na yanayofichika

Kuna ubishi wa miaka mingi kati ya watu wa programu: skripti (programu fupi) iendeshwe papo hapo ndani ya kihariri chepesi, yaani programu ya kuandikia msimbo, au kihariri kibaki cha kuandikia na kazi ya kuendesha iachiwe terminali, dirisha la kuandikia amri? Mimi niko upande wa kihariri, lakini kwa masharti.

Faida yake iko wazi. Katika Sublime Text unabonyeza Ctrl+B na majibu yanajitokeza chini ya maandishi yako. Katika Vim unaandika `:!python3 %`, na ile alama ya asilimia inashika nafasi ya jina la faili uliyofungua. Geany hufungua terminali kwa F5, na skripti ikimalizika hukuonyesha namba iliyotoka nayo, kwa hiyo unajua kama imemaliza salama au imekatika. Kosa likitokea kwenye mstari wa 40, Sublime Text hukupeleka mstari huohuo ukibonyeza F4. Anayejifunza anabadilisha neno moja, anaona kilichotokea, anabadilisha tena, wala fikra haikatiki. Kwa skripti ya mistari thelathini sioni sababu ya kufungua mazingira makubwa ya uundaji programu yanayomeza kumbukumbu ya kompyuta.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba kitufe kinaficha mambo ambayo terminali inakulazimisha kuyajua. La kwanza ni folda. Skripti inayosoma `data.csv` huitafuta mahali ilipoanzishiwa, na hapo si lazima pawe mahali faili ya skripti ilipo. Kihariri kikiianzisha kutoka folda nyingine, Python, lugha ya programu iliyoandikia skripti hiyo, itasema faili haipo, ilhali unaiona kwa macho yako kando ya skripti. Mgeni anaweza kuhangaika saa nzima akikagua tahajia ya jina lisilo na kosa lolote.

La pili ni toleo. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python mbili au tatu, na mazingira pepe ya mradi (Python iliyotengwa pamoja na maktaba zake) juu yake. Ukianzisha kihariri kwa kubofya ikoni, hasa kwenye macOS, mara nyingi hakirithi njia za utafutaji (orodha ya folda zinazotafutwa programu) ulizopanga kwenye terminali. Maktaba (msimbo wa ziada) uliyosakinisha jana inaonekana kama haipo, kumbe imeitwa Python nyingine.

Halafu kuna skripti zinazouliza maswali. Kidirisha cha majibu cha Sublime Text hakipokei maandishi, hivyo `input()`, amri ya Python ya kusubiri jibu la mtumiaji, inaangukia kwenye EOFError, kosa la kukosa maandishi ya kusoma. Kosa hilo huwatisha wanafunzi bure, maana skripti yenyewe ni nzima.

Hata kasi ya majibu inaweza kukudanganya. Python ikiandika kwenye terminali hutoa mstari baada ya mstari; ikiandika kwenye bomba (njia ya kupitishia matokeo) linaloelekea kihariri, hukusanya kwanza na kutoa kwa mkupuo. Skripti inayofanya kazi vizuri huonekana imeganda. Ndiyo maana mpangilio wa Python uliomo ndani ya Sublime Text una chaguo la amri `-u`, linalozuia mkusanyo huo. Anayejitengenezea mpangilio wake mwenyewe asilisahau.

Kuhusu kuhifadhi: Sublime Text huhifadhi faili kabla ya kuendesha, lakini si kila kihariri hufanya hivyo, na kisipofanya kinachoendeshwa ni toleo la zamani lililoko diskini.

Hoja hizi hazinitoi kwenye kihariri. Karibu zote zina dawa moja: fungua mpangilio wa kitufe uone amri iliyoandikwa ndani yake. Kwenye Notepad++ utaiandika mwenyewe, kwa `$(FULL_CURRENT_PATH)` mahali pa jina la faili, na `cmd /k` mwanzoni ili dirisha lisijifunge kabla hujasoma. Akishaielewa amri hiyo, mtu anaweza kuipeleka terminali siku skripti itakapohitaji vigezo (taarifa zinazoongezwa kwenye amri) au majibu ya mtumiaji. Walimu wangeanzia hapo, badala ya kuonyesha kitufe peke yake.

Sharti langu la mwisho ni kali zaidi. Skripti inayofuta faili au kubadilisha majina yake kwa wingi nisingeiweka kwenye kitufe hata kidogo. F5 hubonyezwa kwa mazoea, bila kufikiri, na faili zilizofutwa na skripti kwa kawaida hazipiti kwenye pipa la taka.