Mto Mara Unahitaji Mkataba, Sherehe Zimetosha

Kila Septemba 15, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara: mwaka mmoja kwao Kenya, unaofuata kwetu Tanzania. Miti hupandwa, hotuba husomwa. Sina ugomvi na sherehe. Ninachouliza ni kwamba mwaka wa ukame, mto ukipungua, nani analazimika kuacha maji yapite, na kiasi gani?

Hati ya makubaliano ya nchi hizi mbili kuhusu bonde la Mara ilisainiwa 2015. Ni hatua nzuri, ila hati ya namna hiyo inategemea hiari ya waliosaini. Na karibu theluthi mbili ya bonde la Mara iko Kenya. Maji yanatoka msitu wa Mau, ambao umekatwa sana, yanashuka kwa Nyangores na Amala, yanapita mashamba ya Bomet na Narok ndipo yafike Maasai Mara. Mkulima wa kule anayewasha pampu kunusuru nyanya zake simwiti mwizi. Ana watoto wa kusomesha kama mvuvi wa eneo la Kirumi, huku kwetu Tanzania. Lakini pampu zikiwa mia, na mabwawa yanayozungumziwa miaka yote kwenye Amala yakijengwa, nyumbu wa kaskazini mwa Serengeti watakunywa nini kiangazi, ilhali Mara ndio mto pekee usiokauka upande ule?

Nasi wa chini tusijitie usafi. Machi 2022 maji ya Mara upande wetu yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, watu wakakatazwa kuyatumia. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika na jibu hilo, lakini mimi sikumsikia aliyesema uchafu ule umetoka Kenya. Tukidai maji ya kutosha, tuwe tayari na sisi kukaguliwa tunavyoyatunza hadi yanapoingia Ziwa Victoria.

Ninachotaka ni mkataba wenye nguvu ya sheria Nairobi na Dodoma, unaotaja kiwango ambacho maji hayaruhusiwi kushuka pale mpakani, na bwawa lolote lisianze kuchimbwa kabla jirani hajaona michoro. Kipimo kisomwe na wataalamu wa pande zote mbili, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye makao Kisumu, itangaze matokeo kila mwezi, kwa Kiswahili, ili hata mfugaji wa Tarime ajue mto wake umeamkaje.