Kabla ya kuuliza bei ya hedifoni, uliza kama waya unachomoka

Mwimbaji alipotea katikati ya ubeti. Gitaa lilibaki, tumba zilibaki, tena nilizisikia vizuri kuliko siku zote, ila sauti ya mtu haikuwepo. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, nimekaa kwenye cherehani yangu hapa barazani karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi, na sketi kumi na mbili zinanisubiri. Nikadhani memori kadi imeharibika. Nikaruka wimbo wa pili, wa tatu, vivyo hivyo. Vyombo vinapiga, waimbaji kimya.

Jioni nikaipeleka pleya yangu ya muziki kwa fundi simu wa mtaa wa nyuma, kijana ambaye kaptula zake za shule ya msingi nilizishona mimi. Pleya hakuigusa. Alishika waya wa hedifoni, akaukunja kidogo pale shingoni mwa pini, yaani pale waya unapoingia kwenye pini, na mwimbaji akarudi. Alipouachia, akapotea tena.

"Mama, nyimbo zako ni nzima," akaniambia. "Kilichokatika ni njia ya kurudia umeme."

Ndani ya ule waya mmoja mna njia tatu. Moja inapeleka sauti ya kushoto, moja ya kulia, na ya tatu ni ya wote, ndiyo inayorudisha umeme kwenye pleya. Hiyo ya tatu ikikatika, umeme unalazimika kupita kwenye kispika kimoja na kurudi kupitia cha pili, na unachosikia ni ile tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kwa kawaida mwimbaji hurekodiwa katikati, sawa kwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Hali hiyohiyo hutokea pini isipoingia hadi mwisho, mathalani kava la pleya likiwa nene. Basi ukisikia bendi imebaki bila mwimbaji, usifute nyimbo zako. Sukuma pini kwanza.

Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikafungua droo. Mimi situpi vitu, hata kipande cha uzi nautunza, na hedifoni zilizokufa zilikuwamo zote, saba, za mwaka mmoja, kila moja nilinunua elfu tano kwa wamachinga. Nikampelekea yule kijana azikague zote. Tano zilikuwa zimekatika shingoni mwa pini. Moja ilikatika pale waya unapoingia kwenye kichwa cha sikioni. Ya saba haikuwa na ubaya wowote, nta ya sikio ilikuwa imeziba kile kiwavu kidogo cha mbele, na alipoisugua kwa mswaki mkavu, kichwa kikiwa kimeelekezwa chini, ikaimba. Vispika vyenyewe, yaani kile kitu hasa kinachotoa muziki, vilikuwa vizima katika zote saba.

Hapo ndipo nilipopata msimamo nilio nao hadi leo. Tunachagua hedifoni kwa kusikiliza besi, wakati kinachoua hedifoni ni waya. Anayetaka kitu cha kudumu aanze kuukagua waya, sauti aisikilize baadaye.

Mtu wa kushona anauelewa waya haraka. Chukua waya mwembamba wa kufungia, ukunje na kuukunjua mahali pamoja mara ishirini, utakatika hata bila kuuvuta. Shaba ya hedifoni ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, na pini ni kitu kigumu kilichoshikana na kitu laini. Kila unapokaa na pleya mfukoni, mkunjo unatokea palepale. Ni sawa na kona ya mfuko wa suruali: kitambaa hakichaniki katikati, kinachanika pale mkono unapoingilia, ndiyo maana fundi anayejiheshimu anapashona mara mbili tatu. Hedifoni nzuri nayo imekaziwa pale. Utaona kishingo cha mpira laini, kirefu, mara nyingi chenye mikato mikato ili kijikunje taratibu badala ya kuvunjika ghafla. Kishingo kikiwa kifupi na kigumu kama plastiki ya kalamu, rudisha. Pini iliyopinda kama herufi L inakaa mfukoni vizuri zaidi kuliko ile iliyonyooka, kwa sababu haisimami nje ikisubiri kukunjwa.

Waya uliofumwa nje kama kamba ya kiatu unapendwa sana madukani, na muuzaji atauvuta mbele yako kuonyesha nguvu. Ufumaji ule unazuia waya kukwaruzika na unapunguza kujisokota. Hausaidii kitu kwenye mkunjo wa shingoni. Tena ukisugua shati, unapeleka mchakacho hadi sikioni, jambo linaloudhi mtu anayefanya kazi akicheza mabega.

Lakini hata waya mzuri utakufa siku moja, ndiyo maana swali la kwanza ninalotaka uulize dukani ni hili: waya unachomoka? Kuna hedifoni ambazo waya haukugandishwa kwenye vichwa. Unauchomoa, unachomeka mwingine, vichwa vinaendelea na maisha. Zamani nilidhani ni vitu vya wapiga muziki wa jukwaani, na kweli kampuni kama Shure, wenye ile hedifoni ya SE215 inayojulikana, wamekuwa wakiwauzia hao. Lakini siku hizi Wachina, KZ kwa mfano, wanazitengeneza kwa bei ambayo fundi cherehani anaweza kujibana akaifikia. Yangu niliipata Arusha, kwenye duka moja karibu na Soko Kuu, elfu arobaini na tano. Nilipomtajia mdogo wangu alinishangaa: "Dada, elfu arobaini na tano ya waya?" Nikamwonyesha hesabu kwenye daftari la vipimo vya wateja. Saba kwa mwaka ni elfu thelathini na tano, miaka mitatu ni laki moja na elfu tano. Hii yangu ina miaka mitatu sasa, nimebadilisha waya mara mbili, kila waya elfu kumi na mbili. Jumla elfu sitini na tisa, na sauti haina ulinganisho.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye hizi za kuchomoka. Vichomeo si vya aina moja. Kuna cha duara kinachojifunga kwa kubonyea na kuzunguka, kinaitwa MMCX, na kuna cha vijipini viwili, na hivyo vijipini navyo vina unene tofauti, milimita 0.75 na 0.78. Kwa hiyo ukienda kununua waya wa akiba, nenda na hedifoni yako mkononi, usitaje jina tu. La pili lilinitesa wiki nzima. Kwenye baadhi ya hedifoni za vijipini viwili, hasa zile zenye tundu bapa, unaweza kuchomeka upande mmoja kinyume. Hedifoni haiungui, muziki unalia, lakini kispika kimoja kinasukuma wakati mwenzake anavuta, besi inayeyuka na mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya kichwa chako. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu muuzaji moyoni. Yule kijana fundi simu alizungusha kichomeo kimoja tu, besi ikarudi. Na usiwe unachomoachomoa kwa kujifurahisha, kwa sababu matundu yanalegea.

Nyingi za aina hii waya wake unapita juu ya sikio na kushuka mgongoni. Mwanzoni niliona usumbufu. Leo sitaki nyingine, kwa sababu mbele yangu kuna gurudumu la cherehani linalozunguka siku nzima, na waya wa kifuani ulishawahi kunaswa humo hadi nikavutwa sikio. Ukipita nyuma ndani ya blauzi haunaswi, na ukivutwa, anayepokea mvuto ni sikio, shingo ya waya inapona.

Watu huniuliza kwa nini bado natumia pleya. Simu yangu ni ya wateja: picha za mishono, meseji za M-Pesa, mama wa bibi harusi anayepiga mara nne kwa siku. Pleya haiitwi na mtu. Ndani yake nina kwaya, muziki wa dansi wa zamani, na mahubiri ya marehemu baba niliyoyarekodi mwenyewe kanisani. Apple walitoa iPod ya kwanza mwaka 2001 na mwaka 2022 wakatangaza kuacha kuzitengeneza. Simu yao ya iPhone 7 ya mwaka 2016 tayari ilikuwa imeondoa tundu la pini. Lakini pleya ndogo za kampuni nyingine bado zina tundu lile la milimita 3.5, na mradi lipo, sioni sababu ya kulikimbia.

Mdogo wangu yeye ni mtu wa zisizo na waya. Anasema waya ndio unaokufa, mimi mwenyewe nimekiri, basi tuuondoe. Namwelewa. Ila ndani ya kila kile kijidude cha sikioni mna betri ndogo ya lithiamu, na betri hiyo inachakaa kwa kuchajiwa, kwa kawaida baada ya mamia ya machaji. Zake zilipofika miaka miwili zilikuwa hazimalizi safari ya Arusha kuja Moshi, kilomita kama themanini, na hakuna fundi aliyekubali kuzifungua kwa sababu zimegandishwa kwa gundi. Kimoja kikaja kumwangukia kwenye Haisi pale Usa River. Waya uliokatika nitaununua kwa elfu kumi na mbili. Betri iliyogandishwa humo ndani nitainunua wapi?

Dukani usinunue kitu ulichokatazwa kukijaribu. Mimi naenda na pleya yangu, wimbo ninaoujua, na vipira vyangu mwenyewe vya kuingia sikioni, maana sikio la mtu ni kama mswaki wake. Muziki ukilia, nazungusha pini taratibu tunduni, naukunja waya kidogo shingoni, halafu kwenye kila kichwa. Ikikoroma hata mara moja, naiacha. Kisha napima vipira, vidogo, vya kati, vikubwa. Kipira kikikaa sawa, kelele za sokoni zinashuka na besi inatokea bila kuongeza sauti. Wengi wanaodhani hedifoni haina besi wamevaa kipira kisicho saizi yao.

Hili la kipira nalisisitiza kwa sababu mimi nasikiliza kazini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kwa mtoto desibeli 75. Saa arobaini ni wiki yangu ya kazi kabisa. Hedifoni ya elfu tano isiyoziba sikio ilinilazimu kuongeza sauti ili nishinde honi za bodaboda, na jioni masikio yalikuwa yakilia peke yake. Nikitoka kwenda Double Road navua, bodaboda haikusubiri umalizie wimbo.

Utunzaji ni wa dakika moja. Adui mkubwa ni ule mtindo wa kuzungushia waya kwenye pleya, pini ikiwa bado imechomekwa; ndivyo nilivyoziua zile tano. Uzungushe kwenye vidole vitatu, kwa ulegevu, kama unavyozungusha futi baada ya kumpima mteja. Joto la Moshi la Februari linatoa jasho, na jasho lina chumvi inayokula shaba. Ukiona waya unaopenya mwanga umeanza kuwa wa kijani, ni shaba inaliwa humo ndani. Nafuta kwa kitambaa kikavu kila jioni, kisha naweka kwenye kopo la bati, kwa sababu kimfuko cha kitenge nilichoanza nacho hakikuzuia mkasi kuulalia waya.

Kwa asiye na elfu arobaini na tano leo, zile za kugandishwa zinafungwa pini mpya. Kijana wangu anatoza elfu tatu. Mwangalie fundi wako kwenye jambo moja: zile nyuzi ndani zimepakwa rangi, mara nyingi nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na rangi hiyo ni vanishi ya kuzuia umeme usivuke. Asipoichoma au kuikwangua kabla ya kutia risasi, muungo hautashika, na wiki ijayo utarudi kwake. Saba zangu zile, tano zilipona hivyo. Nimewagawia wasichana wanaojifunza kushona kwangu, na ile ya nta anayo mama.

Wangu wa sasa ni waya wa tatu, uko shingoni wakati naandika haya. Wa nne nimeshaununua, umo kwenye kopo la vifungo, haujafunguliwa.