Mkono wa nyuma ndiyo demani

Jumamosi iliyopita nimekunywa maji ya bahari ya Jambiani, Unguja, kiasi cha kutia chumvi pishi nzima ya mchele. Nilikwenda kujifunza windsafingi, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye tanga. Naam, mie, mtu wa Ng'ambo ya mjini Zanzibar, thelathini na ushei, nimevaa suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu, ushungi wa kuogelea na juu yake jaketi la kuelea. Nilikuwa kama furushi lililosahauliwa gatini.

Pale kibandani wanapofundishia walidhani nimeleta wageni. "Wageni wako wangapi, dada?" Nikawaambia mgeni ni mimi. Hilo tuliache, nikilianza hatutafika.

Kilichoniudhi ni kingine. Mwalimu wangu alikuwa kijana mstahamilivu, mzaliwa wa hapo hapo, baba yake mvuvi wa ngalawa. Tukasalimiana, tukaulizana ukoo, tukakuta tunajuana kwa upande wa shangazi. Tulipogusa maji tu, Kiswahili akakiacha mchangani pamoja na ndara zake. "Apwindi! Shiti ini! Sio hivyo, sista, daunwindi!" Sista! Dakika tano nyuma nilikuwa dada yake.

Mambo yenyewe si ya ajabu. Unasimama kwenye ubao mpana kama mlango, miguu huku na huku ya mlingoti, upepo unakupiga mgongoni. Tanga limelala majini mbele yako. Unashika kamba, unakunja magoti, unaliinua taratibu huku maji yakimwagika. Mie nilivuta kwa kiuno, kama mtu anayeteka ndoo kisimani. Tanga likanyanyuka nusu, likashika upepo, likanivuta nikaruka juu yake kichwa mbele. Mara ya pili vilevile. Mara ya sita nikaacha kuhesabu. Kila nikiibuka nasikia "shiti ini", nami nina maji masikioni, sijui niingize nini wapi.

Sasa, mjomba wangu alikuwa amekaa chini ya mkungu anasuka dema. Nilikuwa nimempitia asubuhi kumpa shikamoo, akasema atakuja kutazama "huo mchezo". Akatazama kimya muda mrefu. Mwisho akashindwa, akashuka mpaka maji ya magoti, kikoi kakipandisha, akanipigia kelele:

"Mwanangu! Mkono wa nyuma ndiyo demani yako! Kaza demani!"

Wallahi, kama mtu amewasha taa. Kumbe "shiti ini" ni hiyo tu! Nani asiyejua demani, kamba ile ya kukazia tanga? Ukiikaza tanga linashiba, chombo kinakwenda. Ukiilegeza upepo unatoka, unapumua. Nikavuta mkono wa nyuma kidogo, ubao ukaondoka. Ukaondoka kweli! Maji yakaanza kunong'ona chini ya miguu. Mjomba tena: "Usitazame miguu, hakuna pweza hapo! Tazama unakokwenda!" Nikainua uso. Nimekwenda hatua kama hamsini hivi, nikapiga kelele za furaha, nikasahau demani, nikaanguka.

Hapo ndipo hasira zilipoanza kunipanda, na bado hazijashuka. Pwani hii watu wamesafiri kwa tanga karne na karne. Upepo tumeupa majina kama tunavyowapa watoto: kaskazi, kusi, matlai, umande. Upande upepo unakotoka, hiyo "apwindi" yake, ni joshini, unakokwenda, "daunwindi", ni upande wa demani, kwenda kwa kukata dhidi ya upepo ni kubisha. Maneno mafupi, yanasikika hata kwenye mawimbi, na mtoto wa mvuvi anayajua kabla hajaota meno ya pili. Halafu kijana huyo huyo anamfundisha Mswahili mwenzake kwa maneno aliyopewa kwenye kozi ya siku chache, na mwanafunzi anatoka majini akiamini yeye ni mjinga wa bahari. Ni ujinga wa kununua, tena kwa dola!

Na hao wenye "apwindi" yao, mchezo wenyewe kwao si wa kale. Mmarekani Newman Darby alifunga tanga kwenye ubao wake mwaka 1964. Drake na Schweitzer wa California wakapata hataza ya Marekani, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1970, na mahakama ya Uingereza ikaja kuikataa hataza yao ya huko, sababu mojawapo ikiwa ni mtoto wa miaka 12 aliyekwisha kufanya kitu kama hicho kwenye kisiwa cha Hayling mwaka 1958. Mtoto wa miaka 12! Wangeuliza watoto wa Jambiani wanaochezea vingalawa vya kuchonga, kesi ingekwisha mapema zaidi.

Haya, nikubali moja, shingo upande. Mjomba naye alikwama. "Usukani uko wapi?" aliuliza, akiuzunguka ubao kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Hauko. Unageuza kwa tanga lenyewe: ukiulaza mlingoti nyuma, ubao unaelekea upepo, ukiulaza mbele, unaukimbia. Hilo kijana alilieleza vizuri, na mjomba alisikiliza kama mwanafunzi. Lakini walipofika kwenye kugeuka, mzee akacheka mpaka akakohoa. Kwenye ngalawa tanga ndilo linalozungushwa mbele ya mlingoti. Kwenye ubao tanga linabaki, mtu ndiye anayezunguka mbele ya mlingoti kwa vihatua vidogo. "Kumbe wamekufanya wewe ndiye foromali," akasema, yaani ule mti unaobeba tanga. Tangu hapo sijakosea upande wa kupita. Kuanguka ni habari nyingine.

Kwa anayetaka kuanza: kubali ubao mkubwa, wa ujazo wa lita mia mbili hivi, na tanga dogo, mita nne za mraba au pungufu. Wanaume hasa, acheni kutaka kiubao chembamba mlichokiona kwa mabingwa. Mtazama nacho mbele ya wake zenu. Kusi ya mwezi wa saba ikivuma kwa nguvu waachie wenye makaiti, wale wanaovutwa majini na tiara, wewe subiri siku ya upepo wa mafundo nane au kumi, fundo likiwa maili moja ya bahari kwa saa. Upepo unaotoka nchi kavu usiuamini hata ukiwa mtamu, maana unakupeleka nje na kurudi hujui. Jifunze kuogelea kwanza, hili sitaki mjadala. Uliza maji yanajaa saa ngapi, maana siku za bamvua yakipwa utabeba ubao kichwani. Na mashamba ya mwani yaheshimuni. Pezi la ubao likinasa kamba, umeharibu kazi ya mwanamke aliyeinama toka alfajiri, na yeye hakuja hapo kucheza.

Kijana hana kosa, nataka niliseme hili wazi. Nilimuuliza kwa nini hanifundishi kwa maneno ya baba yake. Akafikiri, akacheka kwa haya. "Dada, hakuna Mswahili aliyewahi kuja." Nikakosa la kumjibu. Saa moja iliyobaki alinifundisha kwa demani na joshi, mara nyingine akisimama kulitafuta neno, mjomba akimtupia kutoka ufukweni.

Tulipotoka, mzee akaukagua tena ubao, akaugonga kwa kidole, akanivuta pembeni kuniuliza bei. Nikamwambia, dola hamsini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema si ghali, atauweka pale penye kivuli karibu na ngalawa.

Ikabidi nimweleze kwamba hiyo ni ya saa moja.