Baridi ya Julai na Umbali wa Jua

Kila mwezi wa Julai unapokaribia, hufika kwenye simu yangu ujumbe uleule unaotutaka tujiandae kwa baridi na mafua yasiyo ya kawaida, kwa madai kwamba Dunia imelikimbia Jua kutoka kilomita milioni 90 hadi milioni 152. Namba ya kwanza ni uongo. Njia ya Dunia ni duaradufu, umbo ambalo mwanaastronomia Johannes Kepler alilibaini mwaka 1609 kwa kuifuatilia sayari ya Mirihi, lakini hii yetu inakaribia mno kuwa duara kamili: mapema Januari tunakuwa kilomita zipatazo milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mapema Julai zipatazo milioni 152. Tofauti ni kama asilimia 3 tu.

Mkazi wa London haponzwi kirahisi na ujumbe huo, kwa kuwa yeye hutetemeka Januari, wakati ambapo Jua liko karibu naye kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Sisi wa kusini mwa Ikweta ndio tunaohadaiwa na sadfa, maana joto la kaskazi hutukuta tukiwa karibu na Jua, na kipupwe hutukuta tukiwa mbali nalo. Simika kijiti cha mita moja uani, hapa Dar es Salaam, ukitazame karibu saa sita na nusu mchana. Mwanzoni mwa Januari kivuli chake huwa cha sentimita zipatazo 28, kikielekea kaskazini. Mwanzoni mwa Julai hurefuka hadi sentimita 57 hivi, nacho huelekea kusini. Kivuli hicho hakirefushwi na umbali, bali na mhimili wa Dunia ulioinama kwa nyuzi 23.4.

Hata hivyo, siridhiki na jibu tunalopewa mara nyingi, kwamba umbali hauhusiki kabisa. Nuru inayoifikia Dunia mapema Julai ni pungufu kwa karibu asilimia 7 kuliko ile ya Januari. Kwa London kiasi hicho humezwa na mwinamo wa mhimili. Lakini Dar es Salaam, ambako Jua la mchana haliendi mbali sana na utosi, mwinamo wenyewe hupunguza nuru ya adhuhuri ya Julai kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo zile 7 si za kupuuzwa. Ajabu ni kwamba wastani wa joto la Dunia nzima huwa juu zaidi mwezi huohuo wa Julai, kwa sababu kizio cha kaskazini kina nchi kavu nyingi, nayo hupata joto upesi kuliko bahari.

Ningependa mwalimu wa jiografia awatoe wanafunzi nje na kijiti shule zinapofunguliwa Januari, awatoe tena Julai, wapime na kuandika, kabla hajawaambia lolote kuhusu baridi.