Nilivyopewa Uafande Kireka

Mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS una sehemu nne za kusikiliza, maswali 40, dakika kama 30, na kinachosemwa kinasemwa mara moja tu. Kusoma Kiingereza nasoma vizuri. Sisi tuliosoma Tanzania tunafundishwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza tunamwagiwa Kiingereza ubaoni, tunakinakili, tunafaulu, tunarudi nyumbani. Kukisikia kikitoka kinywani mwa mtu mwenye haraka zake ni kazi nyingine kabisa. Nikitega sikio nidake neno la tatu, msemaji yuko la kumi na tatu. Au la thelathini, maana huo ndio ugonjwa wangu mkubwa: thatini na thati, fiftini na fifti, kwangu ni mapacha waliovalishwa sare.

Sehemu ya kwanza ya mtihani ni maongezi ya kila siku. Mmoja anatafuta chumba cha kupanga, mwenzake anajaza fomu. Wewe unatakiwa uandike jina lake herufi kwa herufi, namba yake ya simu, mtaa anaokaa, pesa alizolipa, siku na saa. Ukiandika hivyo darasani unapewa alama. Kwingine kote duniani, sasa najua, unapewa jina baya.

Shangazi yangu ameolewa na Mganda na anauza dagaa Kireka, pale ukitoka Kampala kwenda Jinja. Aliposikia ninavyohangaika na spika za masikioni Mwanza, akapiga simu. "Njoo huku, mwanangu. Huku hata chumvi wanaomba kwa Kiingereza." Nikapanda basi: Bukoba, Mutukula, Masaka, tukasimama Lukaya nikala kuku na ndizi gonja za kuchoma, jioni nikawa Kampala.

Shangazi alinipiga changa la macho. Watu wa Kireka wanaongea Kiganda tangu alfajiri. Kiingereza kinatolewa kabatini pale tu ambapo Mganda, Mwacholi na Mgisu wanadaiana pesa. Kwa hiyo ikabidi nitafute mahali penye madeni, na nikapapata: kibaraza cha fundi cherehani. Fundi ni Mgisu wa Mbale. Mbele yake amejibanza kijana wa roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Ni Msoga, kama walivyo wakaanga roleksi wengi wa Kampala. Pembeni kuna jamaa wa mitumba. Wateja ni akina mama wa Kiacholi wanaoshuka kutoka mlimani wanakotengeneza shanga za karatasi. Hapo bila Kiingereza hakuna suruali itakayopunguzwa.

Nikanunua daftari, nikaketi kwenye benchi la wateja. Nilikuwa na utaratibu. Kwanza nasikiliza bila kuandika, nishike watu wanaongea habari gani. Wakirudia, na watu wa madeni hurudia sana, ndipo nadaka majina, namba na bei. Usiku najaza mapengo. Kasoro ni kwamba kwenye rekodi za mazoezi watu wana adabu, mmoja akimaliza ndipo mwingine anaanza. Kibarazani wanaongea wanne kwa pamoja, boda anapiga honi, mayai yanachachatika kwenye chuma, na fundi anaongea huku ameshika pini kwa meno. Nimetafuta mazoezi yenye msemaji mwenye pini mdomoni. Hayapo.

Baada ya muda niliona wameanza kushusha sauti. Nikafurahi, nikajua nimepanda ngazi, maana mazoezi huwa magumu kadiri unavyosonga. Nikasogeza benchi karibu. Wakashusha zaidi. Nikasogeza tena mpaka goti langu likagusa cherehani. Kijana wa roleksi akakataa pesa yangu, akanikaangia mayai matatu badala ya mawili na kuniongezea nyanya. Nikaandika ukurasa wa nyuma: Wasoga ni watu wakarimu sana.

Siku moja mchana akaja mtu mwenye shati la mikono mirefu, akaketi kando yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni katibu wa ulinzi, mmoja wa wale watu 10 wa kamati ya LC1, ambao ndio serikali ya kwanza unayokutana nayo mtaani Uganda. Mgeni akiingia mtaa anatakiwa apelekwe kwao ajulikane. Shangazi alikuwa hajanipeleka, ana dagaa wa kuanika.

Akaniuliza kwa Kiingereza nafanya kazi na nani. Mimi nikasikia natembea na nani, maana "work" na "walk" kwenye sikio langu yana mlango mmoja. Nikamjibu kwa kujiamini: "Peke yangu. Jioni, jua likipoa."

Akatazama fundi. Fundi akatoa pini mdomoni.

Akaniuliza nimekaa hapo kwa ajili gani. Hilo nilisikia lote, neno kwa neno, nikaona hapa ndipo pa kung'ara. Nikasema: "Nasikiliza watu."

Tukaenda kwa mwenyekiti msafara mzima, daftari langu likiwa kwapani mwa katibu. Mwenyekiti alikuwa chini ya mfenesi uani kwake. Watu wakajaa, na waliokosa nafasi wakasimama juu ya kreti za soda. Mwenyekiti akaagiza daftari lisomwe kwa sauti, ili mashtaka yajulikane. Katibu akavaa miwani.

Alianza na jamaa wa mitumba. "Jumanne. Mtu wa mitumba. Marobota 50, yamefika usiku. Ana mteja Mukono. Simu yake hii hapa."

"Fiftini!" yule jamaa akapiga kelele. "Fiftini, ssebo! Fifti nitazitoa wapi?" Akawageukia watu mmoja mmoja akiwaapia. Ndipo nikaelewa wananidhania nani: mtu wa kodi, au kitu kibaya kuliko mtu wa kodi.

Katibu akafungua ukurasa mwingine. Niwape kama ulivyokuwa, maana nimeuhifadhi: "Nalongo. Gomesi ya bluu. Amelipa elfu 80. Fundi anasema umeme ulikatika, aje Ijumaa." Chini yake: "Mwanamke wa pili. Gomesi ya bluu. Anakwenda kwanjula, Jumamosi. Elfu 30, au 13. Airudishe Jumapili asubuhi kabla mwenyewe hajaja. Isimwagiwe mchuzi."

Mimi, naapa, nilipoandika sikuwa nimeunganisha gomesi ya kwanza na ya pili. Nilikuwa nasaka namba. Wasiojua, Nalongo ni heshima ya mama aliyezaa mapacha, gomesi ni gauni la heshima la akina mama wa Uganda, na kwanjula ni siku msichana anapomtambulisha mchumba nyumbani kwao, siku ambayo mwanamke asiye na gomesi bora ajifungie ndani. Nalongo mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kreti. Akashuka polepole.

"Ilikwenda kwanjula?" akamuuliza fundi.

Fundi akasema umeme kweli ulikatika.

"Ilikwenda kwanjula kabla yangu?"

Kilichofuata sikukielewa kwa lugha yoyote. Nalongo alimshika fundi kwa ile futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akamvuta mpaka kwa mwenyekiti. Jamaa wa mitumba bado anaapa fiftini. Mtu mmoja ambaye hata hakuwemo daftarini akaanza kukiri habari za mbuzi. Katibu ananyoosha mkono kunishika ukosi. Kiingereza changu chote, cha kidato cha kwanza mpaka cha nne, kikatoka nduki, nikalia kwa lugha iliyobaki:

"Jamani! Ndugu zangu! Naomba mnisikilize! Mimi ni mwanafunzi tu, sina ubaya na mtu!"

Kimya. Hata Nalongo akaachia futi.

Mtanzania mwenzangu unayesoma hapa, kwetu Kiswahili ni cha kubembelezea bei ya nyanya. Uganda katiba ilirekebishwa 2005 kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, baada ya Kiingereza, na watoto wanafundishwa. Lakini kwa watu wazima wa Kireka Kiswahili bado kinavaa buti. Ni lugha waliyoisikia kwa askari, usiku, mlangoni. Kadiri nilivyozidi kuomba kwa unyenyekevu, jamani, tafadhali, nawasihi, ndivyo waliokuwa mbele walivyozidi kurudi nyuma. Mmoja alivua kofia. Katibu akafuta daftari langu vumbi kwa mkono wa shati, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Afande," akasema, "ungesema mapema."

Mwenyekiti akaleta kiti chenye mto. Ikaletwa na soda. Kisha, kwa kuwa mwenyewe Kiswahili hakijui, akatuma aitwe mzee mmoja mwanajeshi wa zamani. Akaja na fimbo, mgongo umenyooka, Kiswahili chake ni cha kambini.

"Wewe! Natoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Natoka Mwanza."

Shikamoo ilimchanganya. Nadhani miaka yake yote ya jeshini hakuna aliyewahi kumpa. Akakohoa, akaendelea kwa sauti ya chini kidogo. "Napita njia gani?"

"Bukoba, mzee. Mutukula. Masaka. Lukaya."

Kila mji nilioutaja, mzee alifumba jicho. "Lukaya nafanya nini?"

"Nilikula kuku."

"Mimi Lukaya hapana kula kitu," mzee akasema. "Mimi nakimbia."

Akawageukia watu, akawatafsiria kwa Kiganda. Katika maelezo yake marefu nilishika majina ya miji, jina la Amin, na mwaka mmoja uliosemwa kwa Kiingereza, 1979. Mwaka huo niliusikia barabara, ndiyo namba pekee niliyoipata sawasawa tangu nifike Uganda. Shangazi alinieleza usiku kilichosemwa. Mzee aliwaambia kwamba njia niliyopita ndiyo ile ile ya jeshi la Tanzania: Mutukula, Masaka, vita vikali vya Lukaya mwezi Machi, na tarehe 11 Aprili 1979 wamo Kampala, Amin hayupo. Watanzania hawaji bure, aliwaambia. Na wakija, hupitia Lukaya.

Hapo ndipo shangazi alipoingia, ndoo mkononi, aproni imejaa magamba ya dagaa, akibwata kwa Kiswahili cha Kirumba, kwetu Mwanza: "Nani kamshika mtoto wangu? Nasema nani? Mnataka nini kwa mtoto wa watu?"

Nilitegemea ataniokoa. Badala yake watu walimtazama upya kuanzia kandambili mpaka kilemba. Miaka yote hii mama anapima dagaa kwa kikopo, anauliza habari za nyumbani, nani kasafiri, nani kapata kazi wapi. Kumbe.

Akawaeleza kwa Kiganda safi kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake, nimekuja kujifunza Kiingereza cha mtihani. Wakatabasamu wote kwa pamoja, lile tabasamu la watu wazima walioambiwa jambo la siri. Mwenyekiti akakonyeza. Naam, mwanafunzi. Akaniandikia barua ya LC1 ya kunitambulisha, akaigonga mhuri, na sikutozwa hata senti. Shangazi anasema hajapata kuona. Halafu mwenyekiti akakumbuka, bila kuulizwa, kwamba kuna dagaa wa mwezi uliopita hajalipia, akalipa pale pale. Hilo shangazi hakulisemea neno. Nilimwona tu akizitia noti kifuani akiwa anafikiri.

Kesho yake nikarudi kibarazani, niseme kweli, kuomba radhi. Sikupewa nafasi. Kijana wa roleksi alizima gesi ili kelele zisinisumbue, akaja karibu, na kwa Kiingereza cha polepole, kila neno limesimama peke yake, akanieleza habari za mwenye nyumba wake: jina herufi kwa herufi, namba ya simu mara mbili, siku, saa, na waya wa umeme umepita wapi. Jamaa wa mitumba alikuja kurekebisha kumbukumbu. "Andika moja, halafu tano," akasimamia mpaka nikaandika. Nalongo alileta habari za fundi. Alipoondoka, fundi akaja na habari za Nalongo. Akachomoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wa pini, akapangusa midomo, ndipo akaanza. Fundi huyu ana matamshi mazuri ajabu, nani alijua?

Ndani ya siku chache watu wakawa wanasubiri foleni. Shangazi akaona benchi la fundi ni dogo, akahamishia kazi kwenye meza yake sokoni, na akaweka sharti kwamba anayetaka kuongea na afande anunue kwanza dagaa kikopo kimoja. Mwenye shauri la ardhi, vitatu. Saa sita mchana meza ilikuwa tupu, na mimi masikio yamefunguka kiasi kwamba nasikia mpaka viambishi.

"Huo mtihani," akaniuliza akihesabu noti, ameloanisha kidole kwa ulimi, "ni lazima uufanye mwaka huu?"